Kichwa cha Mashine na Rangi ya Kucha

Mama Neema aliponiambia niinamishe kichwa cha mashine, nilitakiwa kusema hapana. Nilisema, "Sawa, mama." Maneno mawili tu, na nimetembea nayo tangu nikiwa kijana mwenye mgongo ulionyooka hadi leo ninapovaa viatu nikiwa nimekaa kitandani.

Vijana wa karakana, siku mliponiaga nilipostaafu mliniomba niwaandikie namna ya kubana na kukata vipande vya mshazari, kwa kuwa mnasema nikieleza kwa mdomo naruka hatua. Ni kweli, naruka. Mikono inajua mambo mengi ambayo mdomo haujawahi kuambiwa. Basi nitaandika. Lakini siwezi kueleza mshazari bila kumtaja Mzee Kondo, na siwezi kumtaja Mzee Kondo bila kufika kwenye ile "sawa, mama". Ndiyo maana nimeitanguliza, nisije nikaikwepa katikati kama nilivyozoea.

Karakana yetu mnaijua ilivyo sasa. Nilipoingia mimi ilikuwa banda la mabati hapahapa Maili Moja, Kibaha, nyuma ya maduka ya vifaa vya ujenzi. Mama Neema alikuwa ameachiwa na marehemu mumewe, na watu wengi walimshauri auze. Hakuuza. Alikuwa na mashine moja ya kukereza, mtambo wa kuchomelea, grenda, na ile mashine ndogo ya milingi, ya kuchonga chuma kwa kisu kinachozunguka, iliyosimama pembeni kama mgeni aliyekosa kiti. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nina cheti kinachosema najua fizikia. Mzee Kondo alikisoma chote, mbele na nyuma, akanirudishia na kusema kikae mbali na mafuta.

Yeye ndiye aliyekuwa fundi wa milingi. Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kofia ya kitambaa haikumtoka kichwani, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba mashine ikiwaka ilibidi usogee umsikilize. Nadhani ndivyo alivyotaka. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha chuma chenye umbo la kabari, upande mmoja mnene na mwingine mwembamba, akaniambia nikibane kwenye jiliwa, yeye anakwenda kuswali adhuhuri.

Jiliwa lina taya mbili zinazokwenda sambamba. Kabari haina pande zinazokwenda sambamba. Haya mawili niliyajua vizuri sana kwenye karatasi. Nikaweka kabari katikati ya taya, nikakaza kwa nguvu zote za kijana anayetaka kazi. Ikachomoka kama kokwa la embe lililobanwa vidoleni, ikapita juu ya mashine ya kukereza na kugonga pipa la maji kwa kishindo. Hakuna aliyeshtuka. Mafundi waliinua vikombe vyao vitupu juu na kuvishikilia hapo, wakinitazama. Hivyo ndivyo nilivyojifunza desturi ya karakana ile, kwamba anayerusha kazi, yaani kipande alichokibana, ananunua chai na vitumbua vya wote. Nyinyi mmeikuta desturi hiyo, lakini mmeilegeza. Siku hizi mtu anarusha kazi na kununua soda yake mwenyewe.

Mzee Kondo aliporudi aliniuliza kama nimeibana. Nikamwambia nimeibana.

"Iko wapi?"

"Kwenye pipa, mzee."

"Basi aliyeibana ni pipa," akasema, akaenda kuiokota.

Kisha akanionyesha mwenza. Ninyi mnamwita hivyo bila kujua jina lilikotoka, na lilitoka kwake. Kila kipande cha mshazari kinahitaji kipande kingine chenye mshazari uleule, kilichogeuzwa, wakae pamoja migongo ikigusana. Mnene wa huyu unakutana na mwembamba wa yule. Wakikaa hivyo, pande zao za nje zinakuwa sambamba, na taya za jiliwa zinadhani zimeshika tofali. Alikuwa na sanduku la wenza, kila mmoja amegongwa ubavuni nyuzi zake, yaani kipimo cha mshazari: kumi, kumi na tano, ishirini na mbili, thelathini. Kazi mpya ikija yenye pembe ambayo haimo sandukuni, hakuanza na kazi. Alianza kwa kumtengeneza mwenza. Mteja angeweza kusimama mlangoni na kupiga miluzi ya kukosa subira, Mzee Kondo anamtengeneza mwenza.

Nilimwuliza siku moja kwa nini anawaita hivyo. Akasema kwa sababu peke yake kila mmoja ana kasoro, na ukiwaweka pamoja hakuna anayeiona. Halafu akaongeza kuwa nisimwambie Bi Mwanaidi, yaani mkewe, asije akauliza nani katika wao ndiye mwembamba.

Mkishamweka mwenza, fuateni hili, maana ndilo mnaloruka nyinyi, si mimi. Chini ya kazi, kwenye pembe zote nne, weka vipande vya karatasi nyembamba. Yeye alitumia karatasi ya pakiti ya sigara ingawa havuti. Kaza jiliwa kiasi. Gonga kazi kwa nyundo ya shaba, kwa upole, kama unayebisha hodi kwenye nyumba yenye mgonjwa. Kisha vuta kila karatasi. Karatasi zote zikigoma, kazi imekaa. Moja ikiteleza, kazi inaning'inia, na usiwashe mashine hata kama mwenye kazi ni diwani. Tena kisu kielekezwe kusukuma kazi kwenye taya isiyosogea. Taya inayosogea, alisema, hata ikikazwa inabaki na tabia yake.

Hiyo ilikuwa sheria ya kwanza. Ya pili ilihusu kichwa.

Mashine ndogo kama ile, kichwa chake kinachobeba kisu kimefungwa shingoni kwa bolti nne. Ukizilegeza unaweza kukiinamisha kushoto au kulia. Ni njia nzuri ya kuvutia: badala ya kuhangaika kuinamisha kazi, unailaza kazi bapa mezani na kuinamisha kisu. Hakuna mwenza, hakuna karatasi, unabana na kukata. Mzee Kondo hakuitaka njia hiyo hata kuisikia.

"Kazi ukiiinamisha vibaya umeharibu kazi moja," aliniambia. "Kichwa ukikirudisha vibaya, umeharibu kila kazi itakayokuja, na hutajua."

Kukisimamisha kichwa wima kulimchukua asubuhi nzima. Alitumia saa ya kupimia, ile yenye mshale unaoonyesha hata unene wa unywele. Aliifunga kwenye kichwa, akakizungusha kwa mkono ili saa itembee juu ya meza, kushoto, kulia, anagonga kidogo, anakaza kidogo, hadi mshale ukatulia pande zote. Kisha akatoa mfukoni kichupa cha rangi nyekundu ya kucha, cha Bi Mwanaidi, akapaka mstari mmoja uliovuka maungio, nusu kwenye kichwa na nusu kwenye shingo. Mstari ukiwa mzima, kichwa hakijaguswa. Ukikatika, mtu amekigusa. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua koti, aliutazama ule mstari. Sijamwona akiamini kitu kingine karakanani kama alivyoamini rangi ile.

Nilikuwa nimekaa naye miaka kadhaa, na mshazari naumudu vizuri, alipokwenda Kisarawe kumwoza binti yake Zuhura. Aliondoka mapema wiki hiyo, akaniachia mashine. Sanduku lake la vifaa alilifunga, ufunguo akaenda nao. Sote tulialikwa harusini Jumamosi.

Katikati ya wiki akaja mteja anayetengeneza mashine za kukatia majani ya ng'ombe. Alitaka kuzipeleka kwenye maonyesho ya wakulima, na alihitaji vishikio vya visu, kila kimoja na uso wa mshazari wa nyuzi thelathini. Alileta vipande katika kiroba kilichojaa nusu. Nikaanza na mwenza, karatasi, nyundo ya shaba. Kufikia Alhamisi mchana kiroba kilikuwa kinanicheka.

Mama Neema alikuja akasimama kando ya mashine. Alikuwa mwanamke mwema, nataka mlijue hilo, na mteja yule alikuwa wa kwanza mkubwa tangu afiwe.

"Yohana, kwa mwendo huu utamaliza lini?"

"Jumatatu, mama. Labda Jumanne."

"Na harusi ni Jumamosi."

"Ndiyo, mama."

Akatazama kiroba, akatazama mashine. "Marehemu alikuwa anainamisha kichwa. Inamisha, ukimaliza utarudisha. Mzee asijue tu, maana atanuna mpaka Idi."

Nilijua jibu. Nilikuwa nimeshalisikia kwa sauti ya chini mara nyingi. Lakini nilikuwa kijana, na harusi ya Kisarawe naijua ilivyo, na shati nilikuwa nimeshalipiga pasi. Nikasema, "Sawa, mama."

Nisiwadanganye, ilikuwa raha. Nililegeza bolti, mstari mwekundu ukakatika bila kelele, kichwa kikainama kama mtu anayesikiliza siri. Vishikio vilipita kimoja baada ya kingine, bapa, bana, kata, toa. Ijumaa jioni kiroba kilikuwa kimekwisha na mteja anapeana mikono na kila mtu, hadi na fundi wa kuchomelea ambaye hakuhusika.

Ndipo nikarudisha kichwa. Saa ya kupimia ilikuwa ndani ya sanduku lililofungwa. Nikatumia alama za nyuzi zilizochorwa shingoni, nikaleta sifuri kwenye sifuri, kisha nikasimamisha skwea, kile kipimo cha pembe mraba, mezani na kuchungulia mwanga. Ilionekana sawa. Kuonekana sawa ni maradhi ya kazi yetu. Nilipaswa kusubiri saa, niipime Jumatatu mbele ya mzee, ninuniwe, yaishe. Badala yake nilikwenda duka la vipodozi hapo stendi kununua rangi ya kucha.

Dada wa duka aliniuliza, ya mama au ya mchumba. Nikasema ya mashine. Akasema mashine yangu ina bahati, kaka yake hajawahi kumnunulia hata mkewe. Alikuwa na nyekundu za aina nyingi kuliko nilivyodhani ulimwengu unazo. Nikachagua iliyofanana, nikarudi, nikakwangua ule mstari wa zamani na kupaka mwingine palepale. Mama Neema aliniuliza kama nimerudisha. Nikamwambia nimerudisha. Hakuwa na sababu ya kuuliza zaidi, na yaliyofuata hayamhusu yeye.

Harusi ilifana. Mzee Kondo, ndani ya kanzu nyeupe, alipita kwenye sinia letu akachagua mwenyewe kipande cha nyama na kuniwekea upande wangu.

"Mashine umeiacha salama?"

"Salama, mzee," nikasema, na pilau mdomoni.

Wiki kadhaa hakuna kilichotokea. Visu vidogo haviumbui kichwa kilichoinama kidogo. Kosa linajificha ndani ya upana wao. Mzee Kondo alifika kila asubuhi, akatazama mstari wake mwekundu, akavua koti. Mara ya kwanza aliutazama kwa muda mrefu kidogo. Nilijishughulisha na ufagio.

Kisha ikaja pampu. Kitongoji chao kule Kisarawe kilikuwa na pampu ya kisima iliyopasuka kifuniko, na ndugu zake walimwomba yeye, fundi wao wa Kibaha, awatengenezee kingine. Aliifanya kazi hiyo kwa furaha ambayo hakuiweka kwenye kazi za wateja. Uso wa kifuniko aliumalizia kwa kile kisu kikubwa chenye mkono mmoja, ambacho sisi tulikiita pangaboi kwa jinsi kinavyozunguka. Na pangaboi ndicho kinachoumbua. Kichwa kikiinama hata unywele, duara lake pana linachimba katikati na kuacha kingo juu. Uso unatoka kama sahani. Kwa macho huoni kitu, unang'aa vizuri.

Nilikwenda naye Kisarawe kumsaidia kufunga. Watu walikuwa wamepanga ndoo, akina mama wameketi kwenye majani wakizungumza, na imamu alikuwa amesogeza kiti chake. Tukafunga kifuniko na gasketi ya karatasi, tukakaza. Shemeji yake, mtu mmoja mnene aitwaye Mrisho, akapewa heshima ya kupiga pampu kwanza. Akapiga. Ikahema. Akapiga tena, ikahema kama ng'ombe aliyechoka. Maji hayakupanda. Tulikaza bolti, tukabadili gasketi, na bado pampu ilivuta hewa tu.

"Kondo," Mrisho akasema, "huko Kibaha mnatengeneza pampu za kunywa upepo? Sisi tulikuwa na shida ya maji, upepo tunao."

Watu walicheka, na Mzee Kondo akacheka nao, kwa kuwa shemeji ana haki yake. Lakini alikifungua kifuniko, akakaa nacho kando, akasimamisha rula ya chuma juu ya ule uso na kuinua kuelekea jua. Nilikuwa nyuma ya bega lake. Mwanga ulipita katikati, mwembamba, mrefu, hauna shaka. Aliutazama mwanga ule hadi watu walipoanza kuondoka na ndoo zao.

Kesho yake, karakanani, alikwenda moja kwa moja kwenye shingo ya mashine. Alisogeza uso karibu na mstari mwekundu, akaupitisha kidole gumba.

"Haijaguswa," akasema. Kisha, si kwangu hasa, "Basi ni mimi."

Alikwenda hospitali ya Tumbi kupima macho. Wakamwambia anahitaji miwani, kama anavyoambiwa kila mtu wa umri wake. Siku aliyokwenda kuichukua aliliacha sanduku lake wazi. Nilitoa saa ya kupimia, nikaifunga, nikazungusha kichwa. Mshale ulikimbia upande mmoja kiasi ambacho sikuhitaji miwani kukiona. Nikasahihisha, nikakaza, nikapaka tena rangi kutoka kile kichupa changu. Nilijiambia nimelimaliza jambo. Kumbe nililipiga msumari, kwa sababu jioni ile alirudi na miwani yake mpya puani, akakata kifuniko cha pili, na kikatoka bapa kama kioo. Kule Kisarawe maji yalipanda kwa mapigo ya kwanza, na Mrisho akalowa.

Kila mtu alifurahi isipokuwa mwenye kazi. Alirudi akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, karibu na mashine, akaikunja miwani na kuikunjua.

"Basi ni macho," akaniambia. "Miwani imenionyesha kifuniko kimoja, Yohana. Kabla ya miwani nimeharibu vingapi? Watu wangapi wanapiga pampu huko, wanahema tu, na hawajui pa kunipata?"

Nikamwambia hakuna, mzee.

"Hujui. Wala mimi sijui. Fundi asiyejua ameharibu nini, asikae kwenye mashine."

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Nilikuwa nimesimama na nyundo ya shaba mkononi, karakana imetulia, hakuna mwingine anayesikia. Nilimwuliza kama anataka chai.

Mama Neema alimsihi abaki, na mafundi wote wakamsihi, na mimi nilimsihi kwa sauti kubwa kuliko wote. Alimaliza mwezi, akaniachia sanduku la wenza, akarudi Kisarawe kwenye mikorosho na mifenesi yake. Kabla ya hapo alikuwa ameniahidi kwamba baada ya Ramadhani atanifundisha kukata gia. Tulikuwa na kile kifaa cha kugawa, chenye sahani za matundu, ambacho kinazungusha kazi kipande kwa kipande ili meno yatoke sawa. Ni yeye peke yake aliyejua hesabu zake, na alizijua kichwani. Siku ya kuondoka nilimkumbusha. Akasema asingependa kunifundisha kitu kwa macho asiyoyaamini.

Miaka iliyofuata mnaijua, au mmehadithiwa. Sina malalamiko nayo. Mama Neema alijenga ukuta, akaleta mashine ya pili. Nimekata mishazari ya kila namna: miguu ya mashine za kukunia mihogo, vipande vya malango ya mabwawa ya samaki, na mara moja vitako vya kengele ya kanisa letu. Hiyo ya kengele mchungaji aliikagua kwa rula yake ya shule na kuniambia imezidi kidogo. Nikamwonyesha kuwa rula yake ndiyo iliyoliwa na panya. Niliwatengeneza wenza wengi, na mtawakuta sandukuni pamoja na wale wa Mzee Kondo. Wake wana namba zilizonyooka, wangu zimelala kidogo.

Na kichwa cha mashine hamkuniona nikikiinamisha. Mlidhani ni ukaidi wa uzee. Juma, mmoja wenu, aliwahi kunikuta naupaka ule mstari na akauliza kama mama watoto anajua. Nilicheka naye.

Kisarawe nilikwenda kila Idi na kila msiba. Kila mara nilipanda vile vilima nikiwa nimeyapanga maneno, na kila mara Bi Mwanaidi alileta chakula, na baada ya chakula maneno yakawa mazito kuyanyanyua. Nilirudi Kibaha na fenesi begani. Bi Mwanaidi alifariki, na hata matanga yake niliyakaa bila kusema. Watoto wangu walikua wakidhani napenda sana mafenesi.

Wiki moja baada ya ninyi kuniaga nilikwenda tena. Mzee Kondo sasa ni mzee kweli, anakaa kwa Zuhura, na macho ambayo alikuwa akiyatuhumu bure yameanza hatimaye kuwa na makosa. Nikamwamkia, akaitika, tukaulizana hali za watu wote tunaowajua, walio hai kwanza. Nilipoona chakula kinakuja nikasema kabla hakijafika. Nikamweleza kiroba, Mama Neema, harusi, skwea, duka la vipodozi. Sikuruka hatua.

Halafu akauliza, "Uliinamisha nyuzi ngapi?"

"Thelathini."

"Ukarudisha kwa alama za shingoni."

"Ndiyo, mzee."

"Zile alama zilichorwa na mtu aliyekuwa na haraka," akasema. "Na rangi?"

"Nilinunua stendi. Nyekundu kama ile."

"Haikuwa kama ile. Ilikuwa imekolea." Aligeuza uso kuelekea sauti yangu. "Niliona, Yohana. Asubuhi ile baada ya harusi niliona imekolea. Nikasema, Kondo, hata wekundu sasa unauona vibaya. Hilo ndilo lililonipeleka Tumbi, zaidi ya pampu."

Nilisema nisamehe, mzee. Nilisema zaidi ya mara moja. Akanigonga goti kwa kiganja, kwa upole, kama anavyogonga kazi.

"Zuhura," akaita. "Njoo usikie. Macho ya baba yako yalikuwa mazima."

Zuhura akaja akasimama mlangoni, akasimuliwa yote upya, na safari hii msimulizi alikuwa baba yake, tena kwa kuongeza chumvi kwenye duka la vipodozi. Aliposikia sehemu ya harusi alinitazama. "Kumbe ni pilau yangu," akasema. Mzee akaanza kucheka, kile kicheko chake cha chini ambacho lazima usogee ukisikie, na nilisogea. Alicheka hadi akafuta macho. Akasema amenisamehe, na nilimwamini, kwa sababu hajawahi kusema kazi imekaa wakati karatasi inateleza.

Tulipokwisha kula alisema haya, tumalize tulichoanza, gia. Akanyoosha mikono hewani kana kwamba kifaa cha kugawa kiko mbele yake. Mkono wa kulia ulishika mpini usiokuwepo, wa kushoto ukatafuta matundu ya sahani. Akasema ukitaka meno kadhaa unachukua sahani ya matundu kadhaa, unazungusha mzunguko mmoja na... Mikono ikasimama. Akaanza tena tangu mwanzo. Ikasimama palepale.

"Hesabu zimenitoka," akasema. "Zamani sana. Sikuwa na wa kumwambia."

Nyuzi thelathini zile, vijana wangu, ziliwahisha pilau moja. Zilimtoa Mzee Kondo kwenye mashine akiwa bado fundi bora kuliko sote, na zikanitoa mimi kando yake katika miaka ambayo ningejifunza yaliyobaki. Karakana yenu ikihitaji gia, inaagiza Dar. Nimefanya kazi ya milingi maisha yangu yote, na sijui kukata gia.